Vivekananda na maana mbili za yoga

Neno yoga limekuwa maarufu miongoni mwetu katika miaka ya hivi karibuni. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoamua, mnamo Desemba 2014, kwamba tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, kila mwaka magazeti huchapisha picha za watu waliojikunja mikekani, miguu hewani na vichwa ardhini. Msomaji anayeziona picha hizo aghalabu hukata shauri kwamba yoga ni aina ya sarakasi, au ni mazoezi ya viungo ya watu wenye nafasi na pesa. Wapo pia wanaoitilia shaka kwa sababu za kidini. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba fikra zote mbili zina upungufu, na njia nitakayoifuata ni kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mtu huyo ni Swami Vivekananda, mmoja wa watu wa kwanza kuifikisha yoga kwa umma wa Marekani na Ulaya.

Kabla ya kumsimulia, niruhusiwe kuanza na lugha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Wanasarufi wa kale wa Kisanskriti waliorodhesha mizizi miwili ya vitenzi yenye umbo moja, yuj. Mzizi wa kwanza una maana ya kuunganisha, kama vile mkulima anavyowafunga ng'ombe wawili kwenye nira moja. Una ndugu zake katika Kilatini na hata katika Kiingereza, ambako neno lenye maana ya nira lina asili hiyo hiyo. Mzizi wa pili una maana ya kuituliza nia na kuikusanya mahali pamoja. Umbo ni moja, maana ni mbili, kama ilivyo katika Kiswahili ambapo ndege hupaa angani na mvuvi hupaa samaki. Neno yoga laweza kutokana na mzizi wowote kati ya hiyo miwili. Mfafanuzi wa kale wa Yoga Sutra, kitabu kikuu cha elimu hii kinachonasibishwa na Patanjali, aliuchagua ule wa pili: kwake yeye yoga ni utulivu wa nafsi. Watu wengine wengi wameushikilia ule wa kwanza, wakasema yoga ni muungano.

Huenda msomaji akadhani huu ni ubishi wa wanasarufi wasio na kazi. La hasha. Ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu anayeishi na wenzake: je, utulivu wa moyo hupatikana kwa kujitenga na watu, au kwa kujiunga nao? Naamini kwamba maisha ya Vivekananda ni jibu la swali hilo, na jibu hilo halikuwa rahisi wala halikumjia mapema.

Alizaliwa mjini Calcutta, ambao tangu mwaka wa 2001 huitwa Kolkata, tarehe 12 Januari 1863, akapewa jina la Narendranath Datta. Baba yake, Vishwanath, alikuwa wakili katika Mahakama Kuu ya mji huo, mtu mkarimu asiyejua kuweka akiba. Mama yake, Bhuvaneswari, alikuwa mwanamke mcha Mungu aliyemsimulia mwanawe visa vya tenzi kuu za Kihindu. Wale wanaodhani kwamba mabingwa wa yoga huzaliwa wakiwa wapole kama maji ya mtungini watashangaa kusikia kwamba mtoto huyu alikuwa na hamaki isiyo na kifani. Inasimuliwa kwamba alipopandwa na hasira, dawa pekee ya mama yake ilikuwa kummwagia maji baridi kichwani huku akilitaja jina la Shiva.

Shuleni alikuwa hodari. Alisoma katika chuo cha Presidency, kisha katika chuo cha wamishenari wa Kiskoti mjini humo, na mwaka wa 1884 akafuzu shahada yake. Alisoma falsafa ya Magharibi kwa bidii, hususan Herbert Spencer, na akajiunga na Brahmo Samaj, chama cha Wahindu wasomi waliotaka kuirekebisha dini yao na kuachana na ibada ya sanamu. Hata hivyo elimu hiyo haikumtuliza. Alizunguka kwa wakuu wa dini akiwauliza swali moja tu, iwapo wamemwona Mungu kwa macho yao, na wote wakampa majibu ya kuzunguka. Mnamo 1881 alikutana na Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Kali huko Dakshineswar, mtu ambaye hakuwa na elimu ya shule ya kutajika. Huyu alimjibu moja kwa moja kwamba ndiyo, amemwona. Kijana msomi hakusadiki mara moja. Alibishana na mzee huyo kwa miaka mingi, akamjaribu kwa kila namna, na mzee akafurahia kujaribiwa. Nawaomba walimu wenzangu wazingatie jambo hilo, kwani si wengi wetu tunaomvumilia mwanafunzi mbishi.

Mwaka ule ule wa 1884 alipofuzu, baba yake alifariki ghafla. Ndipo ilipogunduliwa kwamba nyumba iliyojulikana kwa ukarimu ilikuwa imezama katika madeni. Wadai wakabisha mlango. Jamaa wakaishtaki familia mahakamani wakiitaka nyumba. Narendra, kifungua mimba miongoni mwa wana wa kiume, akawa ndiye tegemeo la mama na wadogo zake. Alitembea mitaani na shahada mkononi akitafuta kazi, mara nyingine tumbo tupu, asipate. Kuna siku alizodai nyumbani kwamba amealikwa kula kwa rafiki ili chakula kichache kilichopo kiwatoshe wengine. Alifundisha shule kwa muda mfupi, akafanya na vibarua vya uandishi, lakini shida haikwisha. Vijana wetu waliohitimu na ambao bado wanazunguka na bahasha za vyeti watamwelewa bila maelezo zaidi.

Haishangazi basi kwamba kijana huyo alianza kuitamani njia ya kutoroka. Mwaka wa 1886 Ramakrishna alikuwa akiugua saratani ya koo katika nyumba ya bustani huko Cossipore, na wanafunzi wake walimuuguza kwa zamu. Narendra alimwomba mwalimu wake jambo moja: amwezeshe kuzama katika utulivu ule wa mwisho wa yoga, siku nyingi mfululizo, akizinduka tu kwa kula kidogo ili mwili usife. Alitarajia kusifiwa kwa haja hiyo tukufu, lakini badala yake alikemewa. Mzee yule mgonjwa alimwambia kwamba alimdhania kuwa mti mkubwa ambao maelfu wangepumzika kivulini mwake, kumbe anautafuta wokovu wake peke yake. Tarehe 16 Agosti mwaka huo Ramakrishna akafa, na karipio lile likabaki kama mwiba katika nyama ya mwanafunzi wake.

Hapa ndipo maana mbili za yoga zilipoanza kugongana ndani ya mtu mmoja. Upande mmoja alitamani utulivu wa pangoni. Upande mwingine kulikuwa na watu, na wa kwanza kati yao walikuwa wa nyumbani mwake. Aliapa kiapo cha utawa na kuiacha nyumba ambayo kesi yake ilikuwa haijaisha, akamwacha mama mjane. Mnamo 1890, alipokuwa Almora katika milima ya Himalaya akitafuta upweke, alifikiwa na habari kwamba mmoja wa dada zake amejiua. Sidhani kwamba kuna jambo lililomtesa zaidi ya hilo. Mtawa wa desturi alitarajiwa kukata kabisa uhusiano na jamaa zake. Vivekananda hakuweza, na wala hakujifanya kwamba ameweza. Alipopata rafiki katika mtawala wa Khetri, Ajit Singh, alimwomba ampelekee mama yake fedha za matumizi kila mwezi, na msaada huo ulitolewa kwa miaka mingi. Hata jina la Vivekananda, lenye maana ya furaha itokanayo na busara ya kupambanua, yasemekana alilishika kwa ushauri wa rafiki huyo.

Kwa miaka ipatayo mitano alizunguka Bara Hindi, mara kwa miguu, mara kwa gari la moshi aliponunuliwa tikiti. Alilala katika majumba ya wafalme na vibandani mwa watu wa tabaka la chini kabisa, ambao Wahindu wa tabaka lake hawakuthubutu hata kupokea maji mikononi mwao. Aliona njaa, na aliona ujinga uliolindwa kwa jina la dini. Mwishoni mwa 1892 alifika Kanyakumari, ncha ya kusini ya nchi hiyo, akakaa juu ya jiwe la mwisho la India kutaamali. Jambo la kustaajabisha ni kile alichokitaamali. Barua aliyoiandika baadaye yaonyesha kwamba akili yake, baada ya kutulia, haikumwendea Mungu wa mawinguni. Iliwaendea maskini wa vijijini, ikabuni mpango wa watawa ambao wangetembea kijiji hadi kijiji wakiwafundisha watu kusoma kwa kutumia ramani na vifaa vingine vya kufundishia. Utulivu ulimrudisha kwa watu.

Ili kutafuta msaada wa mpango huo alifunga safari ya Marekani. Aliondoka Bombay tarehe 31 Mei 1893, akapitia Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani, akawasili Chicago mwishoni mwa Julai kuhudhuria Bunge la Dini za Ulimwengu. Alikuta mkutano haujaanza hadi Septemba, na kwamba hawezi kuruhusiwa kuzungumza bila barua ya utambulisho. Fedha zikapungua. Alikwenda upande wa Boston, ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi, na huko Profesa John Henry Wright wa chuo kikuu cha Harvard akamwandikia barua ya kumdhamini. Aliporudi Chicago alikuwa amepoteza anwani ya waandalizi. Inasimuliwa kwamba alilala ndani ya behewa tupu la mizigo, na asubuhi akapita nyumba kwa nyumba akiomba, akafukuzwa milangoni. Alipochoka aliketi kando ya barabara, na mama mmoja wa nyumba ya ng'ambo, mke wa Bwana Hale, akatoka akamkaribisha. Familia hiyo ikawa jamaa yake kwa maisha yake yote.

Bunge hilo lilifunguliwa tarehe 11 Septemba 1893. Zamu yake ilipofika aliahirisha mara kadhaa kwa hofu, kisha akasimama na kuwaita maelfu waliokuwamo ukumbini dada na kaka zake. Yasemekana ukumbi ulimshangilia kwa dakika kadhaa kabla hajaendelea. Watu walikuwa wamezoea kuitwa mabibi na mabwana. Mgeni mweusi kutoka nchi iliyotawaliwa na Waingereza aliwaita ndugu. Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumkumbuka kwa salamu hiyo tu. Tarehe 20 aliwaambia Wakristo wa Marekani waziwazi kwamba Wahindi hawana upungufu wa dini, wana upungufu wa chakula, na kwamba kumpelekea mwenye njaa mahubiri ni kumtukana. Na tarehe 27, siku ya kufunga, alisisitiza kwamba hataki Mkristo awe Mhindu wala Mhindu awe Mkristo. Kila mmoja na ajifunze kwa mwenzake huku akikua kwa njia yake mwenyewe.

Umaarufu haukumkinga na ubaguzi. Mwaka wa 1894 hoteli kadhaa za Baltimore zilikataa kumpokea kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Katika majimbo ya kusini alidhaniwa mara kwa mara kuwa Mmarekani mweusi, na wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba mara moja mchukuzi mweusi katika stesheni alimpa mkono kwa fahari, akimpongeza kama mtu wa kabila lake aliyefanikiwa. Vivekananda aliupokea mkono huo kwa furaha, akamwita ndugu. Alipoulizwa na rafiki mmoja kwa nini hakutaja kwamba yeye ni Mhindi ili aheshimiwe, alikataa kabisa kupanda juu kwa kumkanyaga mwingine. Sisi Waafrika tuna sababu ya kulikumbuka jambo hilo. Kijana aliyezaliwa na hamaki, ambaye angeweza kujitetea kwa neno moja tu la kujitenga na watu weusi, alijizuia asiliseme. Hapo maana mbili za yoga zilikuwa zimekaribiana: aliutawala moyo wake, na kwa kuutawala akajiunga na waliodharauliwa.

Baada ya kuzungushwa miji mingi na wakala wa mihadhara, aliachana na kazi hiyo akakodi vyumba vya kawaida mjini New York. Huko, mwaka wa 1895, alianza kufundisha yoga bila malipo, wanafunzi wakikaa sakafuni viti vilipojaa. Desemba mwaka huo kijana wa Kiingereza, Josiah Goodwin, aliajiriwa kuyanakili mafundisho yake kwa hati mkato. Baada ya siku chache alikataa mshahara, akafanya kazi hiyo bure hadi kufa kwake. Kutokana na mafundisho hayo kilitoka kitabu cha Raja Yoga mwaka wa 1896, chenye tafsiri na ufafanuzi wa Yoga Sutra. William James, baba wa saikolojia ya Marekani, alikitumia alipoandika utafiti wake mashuhuri juu ya maisha ya dini uliotoka mwaka wa 1902. Mwezi Mei 1896, mjini Oxford, Vivekananda alialikwa nyumbani kwa Max Müller, mwanaisimu mkubwa aliyeihariri Rig Veda, na mzee huyo akamsindikiza hadi stesheni ya gari la moshi usiku.

Je, alifundisha nini? Wanaoiona yoga kama sarakasi watashangaa. Katika aya zipatazo 195 za Yoga Sutra ni tatu tu zinazozungumzia mkao wa mwili, na zinachotaka ni mkao thabiti usiochosha. Ile mikunjo mingi tunayoiona leo ilienezwa zaidi na walimu wa karne ya 20, na Vivekananda mwenyewe hakuipa uzito. Patanjali anaitaja ngazi yenye vidato vinane, na kidato cha kwanza kabisa, kabla ya mkao na kabla ya pumzi, ni namna ya kuishi na wenzako: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia, na kutokuwa na uroho. Isitoshe, kuna aya moja ambayo naiona kuwa kiini cha habari hii. Humo tunaelezwa kwamba moyo hutulia kwa kuzoea mielekeo minne: urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye mateso, kufurahia wema wa watu wema, na kutobabaishwa na uovu wa waovu. Kwa maneno mengine, hata kitabu kilichochagua mzizi wa utulivu kinakiri kwamba njia ya kuufikia hupitia kwa majirani. Husuda, chuki na dharau ndizo zinazoyatibua maji. Anayetaka kuona kilichomo chini ya bwawa hana budi kuacha kulikoroga.

Vivekananda alirejea Bara Hindi mwaka wa 1897, na tarehe 1 Mei akaanzisha Ramakrishna Mission, shirika la kuhudumia wagonjwa, mayatima na wenye njaa. Ndugu zake wa utawa hawakulipokea wote kwa furaha. Mmoja wao alimlaumu kwamba ameleta mawazo ya Kizungu, na kwamba mwalimu wao alifundisha ibada, hakufundisha kujenga hospitali. Vivekananda aliwaka kwa hasira, kisha sauti ikamkwama, machozi yakamtoka, akatoka chumbani. Aliporudi alikuwa ametulia, na wenzake hawakumpinga tena. Mwaka huo huo mmoja wao, Akhandananda, alikuwa Murshidabad akiwagawia chakula waathiriwa wa njaa. Tauni ilipotisha Calcutta mnamo 1898, Vivekananda alikuwa tayari kuiuza ardhi iliyokuwa imetoka kununuliwa huko Belur kwa ajili ya makao ya watawa, endapo fedha za kuwahudumia wagonjwa zingekosekana.

Nimetaja hasira yake kwa makusudi. Wanaoandika maisha ya watakatifu hupenda kuficha mambo kama hayo, na kwa kufanya hivyo humnyima msomaji faida. Mwaka wa 1898 alijiunga naye mwalimu mmoja kutoka Ireland, Margaret Noble, aliyempa jina la Nivedita, yaani aliyetolewa wakfu. Huko Almora alimsuta mwanamke huyo kwa ukali siku baada ya siku, akiupiga vita uzalendo wake wa Kiingereza, hadi mwanafunzi akakaribia kukata tamaa na wenzake wakaingilia kati kumwombea nafuu. Vivekananda alikubali kwamba mambo yamezidi, akaenda zake peke yake msituni, na aliporudi akamwekea mkono kichwani kumbariki. Nivedita mwenyewe ndiye aliyekiandika kisa hicho, na hakukiandika kwa uchungu. Novemba mwaka huo alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta. Utulivu aliokuwa nao Vivekananda basi haukuwa ule wa jiwe lisilohisi kitu. Ulikuwa uwezo wa kurejea: kukasirika, kujitambua, kujitenga kwa muda, kisha kurudi na kuunga kilichokatika. Naona kwamba uwezo huo una thamani kuliko upole wa kuzaliwa, kwa kuwa huu wa pili hauwezi kufundishwa na ule wa kwanza waweza.

Miaka yake ya mwisho ilijaa maradhi: pumu, kisukari na kukosa usingizi. Yoga haikumpa umri mrefu, na anayeiuza kama dawa ya kila ugonjwa hasemi kweli. Lakini ndiyo miaka aliyolipa madeni ya moyo. Mwaka wa 1901 alimchukua mama yake kwenda kuhiji mashariki mwa Bengal na Assam, akatimiza haja ya siku nyingi ya mama huyo, na aliendelea kuishughulikia kesi ya nyumba yake. Huko Belur alipenda kuzungumza na vibarua wa kabila la Santal waliokuwa wakisawazisha ardhi. Siku moja aliwaandalia karamu, akasimama kuwahudumia yeye mwenyewe, huku wageni wakubwa waliokuja kumwamkua wakisubiri. Tarehe 2 Julai 1902 alimwandalia Nivedita chakula ingawa yeye alikuwa amefunga, na alipomaliza kula akammwagia maji mikononi na kumkausha kwa taulo, kazi ambayo kwa desturi mwanafunzi ndiye humfanyia mwalimu.

Siku mbili baadaye, tarehe 4 Julai, alikwenda kutaamali hekaluni kwa muda wa saa tatu. Alasiri aliwafundisha watawa vijana sarufi ya Kisanskriti kwa saa kadhaa, na hakuonekana kuchoka. Jioni alitembea na mwenzake akizungumzia chuo alichotaka kukianzisha, kisha akaingia chumbani kutaamali tena, na usiku huo, baada ya saa tatu, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mama yake aliishi hadi 1911. Siwezi, kama mwalimu wa lugha, kuisoma taarifa ya siku hiyo bila kuvutiwa: nusu ya siku aliitoa kwa utulivu, na nusu akawapa wanafunzi na rafiki.

Tunajifunza nini basi? Kwanza, kwa wenzangu wanaohofia kwamba yoga itawaibia dini yao, Vivekananda mwenyewe alikataa kumtoa mtu katika dini yake, na mielekeo minne niliyoitaja haiwezi kumharibia Mkristo sala wala Mwislamu swala. Mwenye kutaka kuacha matamshi ya Kihindu na kubaki na pumzi na tabia njema ana uhuru huo. Pili, umaskini wa nafasi si kizuizi. Hapa Nairobi, tangu mwaka wa 2007, Africa Yoga Project imewafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga, jambo linaloonyesha kwamba mkeka na pumzi havihitaji utajiri.

Tatu, na hili ndilo nililolikusudia hasa, tuichunguze mielekeo ile minne katika shule zetu. Ni walimu wangapi hufurahi kwa dhati mwenzao apandishwapo cheo? Ni wanafunzi wangapi humwonea huruma aliyeanguka mtihani badala ya kumcheka? Mara ngapi tumeshuhudia shule zikichomwa moto na mabweni kuteketea, kisha tukatafuta wachochezi, ilhali hatukuwahi kumfundisha kijana hata siku moja jinsi ya kuitambua hasira inapopanda, kuitulia kwa pumzi chache, na kumrudia aliyemkosea? Tunafundisha hesabu za mwendo wa magari na hatufundishi mwendo wa moyo. Sisemi kwamba yoga itaondoa matatizo yenye mizizi katika msongamano, chakula duni na uongozi mbaya. Nasema kwamba mwalimu aliyejifunza kurejea baada ya hasira atayatatua vizuri kuliko yule anayeongozwa na fimbo.

Tumeishi na watu wenye asili ya Kihindi kwa zaidi ya karne moja katika nchi hii, na Kiswahili kimechukua kwao gari, chapati, bima na laki. Tulikopa majina ya vitu vya kupanda, vya kula na vya kuhesabu pesa. Neno yoga sasa nalo limeingia. Ni juu yetu kuamua kama tutalichukua na mkeka wake tu, au tutalichukua pamoja na maana zake zote mbili, ya kutulia na ya kuungana, ambazo Vivekananda alijitahidi maisha yake yote kuzifunga katika nira moja.